Kutamba hadithi au mchezo wa jamii: uanze na kipi?

Watu wanaotaka kazi ya kukutana na watu huniuliza swali moja mara kwa mara: nijiunge na kikundi cha maigizo au nijifunze kutamba hadithi? Si vijana peke yao. Mwezi uliopita aliyeniuliza alikuwa mama wa makamo kutoka Mikindani, hapa Mombasa, mhamasishaji wa afya ya jamii. Hupita nyumba kwa nyumba bila wasiwasi, lakini akiitwa kusema barazani kwa chifu moyo humwenda mbio. Nami nikamuuliza: "Dadangu, unaposhindwa, unashindwa wapi? Kuanza kusema, au kujibiwa?"

Jibu lake ndilo lingenionyesha pa kumpeleka. Sanaa hizi mbili hufungwa furushi moja, tangazo la mafunzo likasema "sanaa za maonyesho" na ndani mkatiwa hadithi, drama, ngonjera na ngoma. Lakini mtu mwenye Jumamosi moja kwa wiki na nauli ya kuhesabu hana budi kuchagua, na achague akijua kwamba hazifundishi kitu kimoja. Hadithi hukufundisha kuwashika watu kwa mdomo wako peke yako. Mchezo wa jamii, yaani igizo ambalo kikundi cha mtaa huwachezea watu wa mtaa, hukufundisha kusimama na wenzako mbele ya watu, kisha kuwaachia watu hao neno. Nimepita kote kuwili, na kila upande ulinipa nilichokikosa upande wa pili.

Hadithi: mdomo mmoja, watu wengi

Nilianza kazi ya kutembeza wageni Mji wa Kale nikiwa na tarehe tele kichwani. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, wakaimaliza 1596. Ramani yake ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Zote nilizimwaga pale langoni, jua likiwachoma wageni visogoni. Tukifika kwenye mizinga, nusu yao walikuwa washatangulia kupiga picha.

Mzee mmoja wa kahawa, aliyekuwa akiweka dele lake karibu na pale, alinisikia wiki nzima. Siku moja akaniita, akanimiminia kikombe, akasema: "Mwanangu, hawa wamekuja kuona ngome, nawe wawasomea kalenda. Hapana mtu aliyeishi humu ndani?"

Kesho yake sikuanzia langoni. Niliwapeleka wageni hadi ukutani, nikawaambia waweke viganja kwenye jiwe. Nikawaambia ni Machi 1696, majeshi ya Oman yameizingira ngome, na ndani mmejaa Wareno pamoja na watu wa Pwani waliokuwa upande wao. Nikauliza: mngeweza kukaa humu muda gani? Mmoja akasema wiki mbili, mwingine akasema mwezi. Nikanyamaza kidogo, kisha nikawaambia walikaa miezi 33. Njaa ikawaingia, maradhi yakawaingia, meli zikaja kutoka Goa na watu wa kuwasaidia, na hao nao wakaugua. Waomani walipoingia Desemba 1698, waliosalia hai ndani walikuwa wachache wa kuhesabika. Hakuna aliyekwenda kupiga picha. Na ule mwaka 1593 sikuutaja mimi: bibi mmoja aliuliza ngome hii ilijengwa lini, nami nikamjibu. Tarehe ileile niliyokuwa nikiwatupia watu usoni sasa imeombwa.

Hicho ndicho unachojifunza kwa mtambaji mzuri, na hakijifunzwi kwa kusoma. Unajifunza kuanzia penye shida badala ya kuanzia mwanzo, na unajifunza kunyamaza. Kituo cha sekunde tatu kabla ya neno zito ni kitu kigumu kuliko maneno yenyewe. Wanafunzi wengi huniambia wananyamaza, nami nikihesabu hata sekunde moja haifiki. Unajifunza pia kumtazama mtu mmoja mpaka sentensi iishe, halafu uhamie kwa mwingine, badala ya kupepesa macho juu ya vichwa vyao kama anayetafuta matatu.

Mila yetu ina somo lake hapa, na ajabu ni kwamba tunalo tangu utotoni wala hatulitumii kazini. Fanani husema "Paukwa!" naye haendelei mpaka hadhira iseme "Pakawa!" Wakijibu kwa uvivu, anarudia. Kwa hiyo hadithi ya Mswahili haianzi mpaka wanaosikiliza watoe idhini. Nenda ofisi yoyote ya mjini uone mtu anavyowasilisha taarifa: anaanza kusema watu wakiwa bado wanavuta viti. Hukosi njia ya kuomba "pakawa" yako kikaoni. Inaweza kuwa swali dogo, inaweza kuwa kitu ulichokishika mkononi, inaweza hata kuwa kusimama kimya mpaka macho yote yaje.

Na mdomo mmoja umewahi kuwa na uzito mkubwa katika siasa za mji huu. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi Mombasa zama za utawala wa ukoo wa Mazrui, kabla hawajaangushwa mwaka 1837, na mashairi yake yalitaja wazi mivutano ya watawala na vita na Zanzibar. Watu waliyahifadhi kwa moyo, ndiyo sababu tunayo leo. Anayedhani kwamba kusema vizuri hadharani ni jambo tulilolipokea pamoja na vipaza sauti hajaujua mji wake.

Basi ubaya wa hadithi uko wapi? Uko palepale penye nguvu yake. Mtambaji hakatizwi. Hadhira huitikia, hucheka, husikitika, lakini hadithi ni yake, na mwisho anao yeye. Nilipoizoea hali hiyo, vikao vilianza kunishinda. Nilisema vizuri, kisha mtu akiuliza swali nje ya njia niliyoipanga nilimsikia kama anayeniharibia. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia waziwazi kwamba kuzungumza nami kumekuwa kama kukaa mkekani. Ilinichoma, maana alikuwa na haki.

Mchezo wa jamii: watu wengi, neno la wote

Hilo ndilo lililonipeleka Kisauni. Kikundi kilikuwa cha watu tisa, mazoezi Jumamosi alasiri katika chumba cha shule ya chekechea, viti vidogo vimesukumwa ukutani. Tulikuwa tukiandaa igizo juu ya maji. Maji Mombasa ni habari isiyochuja: mengi hutoka mbali, bomba la Mzima peke yake lina zaidi ya kilomita 200, na mifereji ikikauka watu wanarudi kwenye mikokoteni na mitungi ya lita 20.

Mimi nilicheza mwenye nyumba aliyeutia mfereji kufuli akidai wapangaji hawajalipa. Mpangaji analia, anatukana, anafukuzwa. Igizo linaishia pabaya, tena kwa makusudi. Kisha mwezeshaji anawageukia watazamaji: huyu mama angefanya nini? Igizo linarudiwa tangu mwanzo, na mtazamaji yeyote ana ruhusa ya kupiga kofi, kulisimamisha, na kuingia mahali pa mpangaji.

Siku tuliyocheza uwanjani, mama mmoja muuza viazi karai alipiga kofi. Aliingia na aproni yake, vidole bado vina manjano ya unga. Mimi nilijiweka tayari kwa matusi. Hakutukana. Alikaa chini mchangani, akaniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzee wangu, naomba nione risiti ya maji ya mwezi jana. Nataka kujua deni ni letu au ni lako."

Nilikuwa na mistari ya kujibu kilio, na mistari ya kujibu matusi. Ya kujibu risiti sikuwa nayo. Uwanja mzima ulipiga kelele. Nilisimama na ufunguo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi ikabidi nimsikilize kweli mtu aliye mbele yangu, ili nijue mwenye nyumba yule angemjibu nini. Nikajaribu kukwepa, akarudi kwa risiti. Nikapandisha sauti, hakupandisha yake. Mwishowe nilifungua kufuli, na sikuwa nimepanga kufungua.

Namna hii ya mchezo ina mwenyewe: Augusto Boal wa Brazili, aliyefariki mwaka 2009. Alitaka mtazamaji asibaki kutazama tu. Alichaguliwa diwani wa Rio de Janeiro mwaka 1992, na vikundi vya maigizo mitaani vikawa njia yake ya kukusanya mapendekezo ya wananchi. 13 kati ya yaliyotoka huko yakapitishwa kuwa sheria za mji. Hapa kwetu mfano mkubwa zaidi ni Kamirithu, Limuru, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya kazi na wakulima na vibarua, na wanakijiji wenyewe wakawa wanasahihisha maneno ya mchezo kwa sababu ndio walioyaishi. Serikali iliusimamisha mchezo ule Novemba 1977, na mwezi uliofuata Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Ukitaka kujua kama mchezo wa kijijini una nguvu, waulize walioogopa.

Kwa hiyo faida yake ni hii: unajifunza kujibiwa. Unajifunza kuingia katika nafsi ya mtu usiyempenda. Mimi baada ya miezi miwili ya kuwa mwenye nyumba nilianza kuelewa kwa nini wenye nyumba huwa wakali mwisho wa mwezi. Unajifunza pia kumpa mwenzako nafasi ang'are, na hilo ofisini ni adimu kuliko dhahabu.

Gharama zake nazo ni nyingi, afadhali uzijue mapema. Ya kwanza ni watu. Hadithi unaifanyia mazoezi ukiwa kwenye kivuko cha Likoni, mdomo ukicheza pole pole. Igizo la watu tisa, wawili wakikosa nauli, siku imekwenda. Kikundi chetu kilichukua wiki kumi kuandaa dakika 25. Tulichanga shilingi mia mia za maji na chai, na kulikuwa na Jumamosi ambazo mchango huo ndio uliowafanya wengine wasije.

Ya pili ni fedha za watu wengine. Shirika moja lilituahidi kutulipia jukwaa na vipaza sauti, tukafurahi. Kisha likataka mwisho ubadilishwe: mpangaji apige nambari ya simu ya shirika na tatizo liishe. Kikundi kiligawanyika. Tulikubali, tukacheza mara tatu, na mara zote tatu hakuna mtazamaji aliyepiga kofi. Jibu lilikuwa tayari, wao wa nini? Nasema kwa moyo wote: ukiona kikundi ambacho watazamaji wake hawaruhusiwi kubadilisha chochote, hicho ni tangazo lenye maleba. Utajifunza sauti na kusimama, lakini lile somo kubwa hulipati.

Ya tatu ni ruhusa. Uwanja wa wazi si sebule yako. Sheria ya Kenya inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara kuwapa polisi wa eneo taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Mweleze na chifu au mzee wa mtaa, hata pale ambapo sheria haikulazimishi, kwa sababu ndiye atakayeulizwa kelele zile ni za nini.

Ya nne ni familia, na hili wanawake ndio wanalibeba. Kuna nyumba ambazo binti kusimama jukwaani na wanaume ni neno zito. Silidharau. Ila nawakumbusha wazazi kwamba bibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, wakishindana kwa mavazi na nyimbo, wakisemana na kusema mambo ya mji bila kumtaja mtu. Kikundi cha wanawake watupu, wakionyesha mbele ya wanawake watupu, si jambo geni hapa, na nimeona kikifanya kazi vizuri kuliko vya mchanganyiko, hasa mada ikiwa ya ndani kama uzazi au ndoa za mapema.

Kazi yako inataka nini?

Mtembeza wageni, mwalimu, mwuzaji, na yeyote anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi: hadithi kwanza. Mahojiano hasa. Wakikuambia "tueleze siku uliyogombana na mteja", wengi hujibu kwa sifa: mimi ni mvumilivu, mimi nasikiliza. Waliokuuliza hawakuomba sifa, wameomba tukio. Aliyejifunza kutamba ataanzia mteja alipogonga meza, atasema yeye alifanya nini, ataishia pale mambo yalipogeuka, na dakika mbili hazijatimia.

Mhamasishaji wa afya, msuluhishi wa migogoro, kiongozi wa vijana, muuguzi, afisa wa rasilimali watu: mchezo wa jamii. Kazi hizi hazishindwi kwa kukosa maneno. Zinashindwa pale mtu anapojibu usichotarajia. Mhamasishaji anasema chanjo, mama wa nyumba anasema mume wangu hataki, na karatasi ya mafunzo haina mstari huo.

Maisha ya umma ndipo pagumu kuchagua, maana yanataka vyote viwili, kwa zamu. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika kazi zake. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bungeni kabla ya Aprili kwisha, na hapo katikati huitishwa vikao vya wananchi katika wadi. Mombasa ina wadi 30. Nilihudhuria kimoja ambapo kila msemaji alipewa dakika tatu. Kijana mmoja aliyesoma sana alisimama na kurasa nne, akafika ukurasa wa pili wakamkatiza. Aliyemfuata, sikuamini macho yangu, alikuwa yule mama wa viazi karai. Hakuwa na karatasi. Alisema: "Jana saa kumi alfajiri nilikuwa foleni ya maji na mjukuu wangu mgongoni. Mbele yangu watu 31, niliwahesabu. Kibomba kilichopangwa mwaka jana kingekuwa hapa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Naomba kuonyeshwa katika kitabu chenu pesa zake zilikwenda wapi." Akakaa. Afisa akaanza kufungua kurasa, na ukumbi mzima ukamsubiri afungue. Nusu ya kwanza ya maneno yale ilikuwa hadithi safi. Ile ya mwisho ilikuwa risiti ya mchangani.

Njia ya tatu, kwa ufupi: vilabu vya kuhutubia vya Toastmasters, vilivyoanza California mwaka 1924. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7, swali la papo hapo ni dakika 1 hadi 2, na kila msemaji hupewa mtu wa kumpima. Nidhamu ya saa wanayofundisha ni ya kweli. Kwa aliye katika ofisi ya Kiingereza ni njia nzuri, lakini haitakufundisha kuzungumza na baraza la wazee wa Kibokoni.

Pa kuanzia

Kwa maigizo na majukwaa ya vijana, tembelea Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, uulize nini kinaendelea wiki hiyo. Little Theatre Club kule Mnazi Mmoja ni jukwaa la miaka mingi, ila hapo utakuta zaidi mchezo wenye maandishi na mwongozaji: mzuri kwa sauti, mwili na nidhamu ya mazoezi. Kwa hadithi, darasa bora nililolipata lilikuwa la bure, barazani kwa wazee baada ya alasiri. Nenda na heshima, nunua kahawa, sikiliza wiki mbili kabla hujafungua mdomo.

Mkufunzi yeyote, kabla hujamlipa, muulize nitasimama mara ngapi mbele ya watu. Siku mbili za kusikiliza maelezo juu ya hadithi hazimtoi mtu mtambaji. Kama ni kikundi, omba uje mazoezini mara moja bila kujiunga, utazame mwongozaji anafanya nini mtu akikosea. Akimfokea, ondoka.

Na kama una miezi mitatu tu, na hujui unashindwa wapi, anza na hadithi. Haihitaji mtu mwingine zaidi ya msikilizaji, na mtu asiyeweza kushika watu dakika tatu huingia kikundini akajificha nyuma ya wenzake.

Yule mama wa Mikindani alifikiri kwa muda kabla hajanijibu. "Kuanza naanza," alisema. "Nikishaanza nasema vizuri. Lakini juzi mzee mmoja alisimama akaniuliza kama mimi mwenyewe nimechanja wanangu, na kwa namna alivyouliza, nikaganda. Na nimewachanja wote."

Nikamwambia mazoezi ni Jumamosi saa tisa, na kwamba kikundi kinatafuta mtu wa kucheza nafasi ya mzee yule.

"Mimi ndiye nicheze yeye?"

"Wewe ndiye."

Akauliza kama anaweza kuja na binti yake.